Linta ya Chumba cha Mbele

Kwaruu, kwaruu, pa!

Hiyo ilikuwa sauti ya mabeleshi mawili yakichanganya mchanga, kokoto na simiti juu ya bati kuukuu lililolazwa chini. Kwaruu ya kwanza ni ya kibarua wa kushoto, ya pili ni ya mwenzake wa kulia, na ile pa ni fundi akigonga ukingo wa bati kwa mwiko wake. Maana yake ilikuwa moja: maji! Na mwenye maji nilikuwa mimi. Nikisikia pa, nakimbia na debe langu kichwani, shingo imekaza, nguo imelowa mgongoni. Hata sasa, mtu akikwangua sufuria ya ugali ulioshika chini, miguu yangu hutaka kuondoka kabla mimi mwenyewe sijaamua.

Tulikaa nyumba za reli hapa Nakuru, upande ule unaopigwa kwanza na upepo wa ziwa. Baba alipakia na kupakua mizigo stesheni. Majirani zetu wengi walikuwa wametoka magharibi kama sisi, wakaja na kanisa lao na kwaya yao, na nyuma ya kanisa hilo la mabati palikuwa na shule ya madarasa manne. Darasa la nne nilikuwa nimelimaliza kitambo. La tano halikuwepo. Kwa hiyo nilikuwa nyumbani, nachota maji, nabeba mtoto wa jirani, na kuwaza. Kuwaza nilikuwa hodari kabisa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakuwa nesi, na mguu mmoja wa meza yetu ulikuwa na bandeji ya kitambaa wiki nzima mpaka mama akauliza meza imeumwa na nini.

Basi bwana wa elimu, yule afisa wa serikali anayekagua shule, alikuja, akasimama mlangoni pa kanisa bila kuvua kofia, akasema tukiwa na chumba cha mawe chenye paa na mlango kabla shule hazijafunguliwa Januari, atatuletea mwalimu wa darasa la tano. Chumba kisipokuwepo, mwalimu huyo atapelekwa kwingine. Wazazi walipiga makofi, wakaamua kujenga vyumba viwili kabisa, cha mbele na cha nyuma. Mimi nilipiga zaidi ya wote.

Nyumbani baba alinikalisha. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Chumba kikiisha, utasoma," alisema. "Kisipoisha, utaenda Molo kwa shangazi yako kuchuma pareto. Si adhabu, mama. Lakini umekuwa mkubwa. Siwezi kukuweka hapa ukingoja ukuta."

Aliponiita mama hivyo nilijua amekwisha kata shauri. Shangazi nilimpenda, na pareto ni maua mazuri ukiyaona kwa mbali. Lakini tangu siku hiyo kila jiwe lililowekwa pale nyuma ya kanisa nililihesabu kuwa langu, na kila siku iliyopita bila jiwe niliihesabu kuwa ya Molo.

Fundi wetu alikuwa mtu mnene kutoka upande wa Kisumu, mwenye kicheko cha kuamsha watoto. Aliponiona naja kuuliza habari asubuhi na jioni akanipa cheo.

"Inspekta amefika! Vibarua, simameni vizuri! Inspekta, leo tumekosea wapi?"

"Mchanga umekuja?"

"Mchanga uko njiani."

"Jana pia ulikuwa njiani."

"Ni njia ndefu, Inspekta."

Mchanga ulitoka Mai Mahiu, na miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, kila lori lilisimamishwa na askari. Dereva anadaiwa pasi ya kusafiri, turubai linafunuliwa, mchanga unachomwa vyuma kuona kama kuna kitu kimefichwa. Pasi ya dereva wetu iliisha tarehe, lori likalala huko, na sisi tukabaki na kuta zilizofika kiunoni. Nilidhani kazi imekufa. Fundi hakuona hivyo. Aliwaita vibarua wake akawaambia, "Mchanga ndio haujafika. Mlango je, umekatazwa na nani?" Wakakaa chini wakatengeneza fremu za milango. Halafu wakachonga mawe ya pembe yote yaliyobaki, wakayapanga kwa zamu yake ya kupanda ukutani. Lori lilipotokea hatimaye, jeupe kwa vumbi, kuta zilipanda kama zilikuwa zikisubiri tu kuruhusiwa. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kungoja kuko kwa namna mbili, na fundi wangu alijua ile moja ambayo mimi sikuijua.

Mwezi wa Desemba kuta zilifika juu ya madirisha, wakati wa kumwaga linta. Linta ni ule mshipi wa simiti na kokoto unaopita juu ya milango na madirisha kuzunguka nyumba, ndio unaobeba kila kitu kilicho juu yake. Unamwagwa ndani ya mbao zilizopigwa kama sanduku refu, na mbao hizo haziondolewi mpaka mshipi wenyewe ukomae. Tulimwaga vyumba vyote viwili siku moja, kwaruu kwaruu pa kutoka asubuhi, kina mama wakipokezana makarai hadi juu. Jioni fundi akafunika linta kwa magunia, akayalowesha, akatukusanya.

"Wamama, mimi nakwenda Mai Mahiu kukalia ile lori ya mchanga wa plasta mpaka itoke, maana nikiiacha peke yake italala tena. Hii kitu msiguse. Magunia yakae na maji. Basi."

Akaenda. Kesho yake asubuhi nililowesha magunia kama nilivyoambiwa. Mchana kina mama walifika kuondoa mawe yaliyobaki uani, na mama kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ambayo iliweza kusikika mpaka stesheni, akapanda juu ya rundo la mawe, akainua gunia moja, akabonyeza kwa kidole.

"Eh! Hii kitu bado mbichi."

"Fundi alisema ikae hivyo," mama yangu alijibu.

"Jana mbichi, leo mbichi, na nyinyi mnaongeza maji. Mnajenga ama mnafua?"

Wakacheka. Lakini kicheko kilipoisha, walibaki wakitazama juu.

"Fundi ni mwanaume," mama wa kwaya aliendelea. "Nyumba alikandika lini? Tangu tukiwa wasichana, nani hukausha ukuta? Unawasha moto ndani, moto mdogo, siku ya pili watu wanalala."

Na huo ulikuwa ukweli. Kwetu, nyumba mpya ikikandikwa matope, mwanamke ndiye huikausha. Huwasha moto wa taratibu katikati, matope hubadilika rangi polepole, na mwenye nyumba huhamia bila kukohoa. Kina mama wote pale walikuwa wamefanya hivyo. Kama kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuhitaji kufundishwa na mtu, lilikuwa hilo.

Mama yangu aliitazama linta. Kisha akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Labda aliona Molo.

"Huyu mtoto hapati usingizi," akasema. "Ngojeni nilete magunzi."

Alirudi na gunia zima la magunzi ya mahindi aliyokuwa ameweka kwa kupikia. Waliondoa yale magunia yenye maji, wakaweka mabati chini ya mbao zisishike moto, wakawasha mioto midogo midogo chini ya linta, chumba cha nyuma na chumba cha mbele. Walikuwa waangalifu, nawaambia. Waliuchunga moto ule kama wanavyochunga maziwa yasifurike. Wakaimba. Moshi ukapanda, simiti ikaanza kuwa nyeupe mbele ya macho yetu, na kila ilipozidi weupe tulishangilia. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikichagua dirisha nitakalokaa karibu nalo. Nilichagua la pili chumba cha mbele, kwa sababu kutoka pale mtu angeona ziwa.

Tak.

Wimbo ukakatika.

"Ni mbao," mama wa kwaya alisema. "Mbao ikipata joto hulia."

Tak. Tak.

"Mbao gani inalia mara tatu?" mama yangu akauliza, na alikuwa tayari anazima magunzi kwa mguu.

Fundi alirudi kesho yake juu ya mchanga wake, amekaa kama mfalme, akitupungia kofia. Aliruka chini, akatazama ukuta, akaacha kupunga. Alipanda ngazi. Akatoa msumari mfukoni, akakwaruza linta ya chumba cha nyuma, ikamwagika chini kama unga. Akaenda chumba cha mbele akakwaruza tena, ikawa vilevile. Alikuta nyufa juu ya mlango, nyufa juu ya dirisha. Alishuka akakaa kwenye mchanga.

"Nani alipika hapa?"

Mama wa kwaya alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni sisi sote," mama yangu akasema. "Magunzi ni yangu. Tulitaka ikauke haraka, fundi. Shule iko karibu."

Nilitegemea atafoka. Mwanaume mwingine angefoka. Yeye alivua kofia akajipangusa uso, halafu akaanza kucheka, si kile kicheko chake kikubwa, kingine kidogo cha mtu aliyechoka.

"Mama, mimi niliwaambia msiguse. Kwa nini msiguse, sikuwaambia. Nilidhani neno langu linatosha. Sikilizeni. Matope hukauka. Simiti haikauki, simiti inakunywa. Ndiyo inakuwa nguvu. Ukiinyima maji siku za kwanza inakufa na kiu, basi, hairudi. Hii hapa imekufa."

Mama yangu alishika mdomo. Nyumbani jioni ile hakula. Alikaa mlangoni akisema, "Nimemkausha mtoto wangu," na nilipomkumbatia aligeuza uso. Hilo liliniuma kuliko ile linta.

Mzee wa kanisa aliita mkutano. Alikuwa mzee mwembamba, mkweli, mwenye kuogopa kuaibika mbele ya bwana wa elimu. Alisema tuandike kuomba muda, kazi isimame mpaka mwaka unaofuata, tukusanye simiti nyingine. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Baba pia alitikisa kichwa, na mimi nikiwa dirishani nje nikaanza kufunga nguo zangu za Molo katika mawazo.

"Mzee," fundi akasema, "bwana alitaka vyumba vingapi?"

"Chumba."

"Kimoja?"

"Alisema chumba."

"Basi mbona tunalilia viwili? Simiti iliyobaki inatosha linta ya chumba cha mbele. Cha nyuma tukiache hivyo hivyo kama kilivyo, tutarudi kukijenga. Tutabomoa linta ya mbele tu, tumwage upya Jumamosi. Na wakati hiyo inakunywa maji, hatukai. Mbao za paa tunazipigia hapa chini, tayari tayari, siku ya kupanda ni kuinua tu. Sakafu tunaijaza kokoto. Mlango uko tayari tangu zamani. Hakuna siku ya kukunja mikono."

"Na Jumapili?" mzee wa kanisa akauliza kwa ukali. Uwanja ulikuwa wa kanisa, na Jumapili hata msumari haukupigwa pale. Mtu mmoja aliwahi kutengeneza baiskeli yake nyuma ya kanisa siku ya Jumapili, akasimamishwa mbele ya watu wote.

"Jumapili hatufanyi kazi. Lakini linta ya Jumamosi, Jumapili yake itataka maji kidogo."

"Hata tone."

"Mzee, hata ng'ombe hupewa maji Jumapili."

"Ng'ombe ana uhai."

"Hii nayo ina kiu."

Watu wakacheka, mzee hakucheka. Fundi akainua mikono. Alisema atayalowesha magunia Jumamosi jioni mpaka yachuruzike, atayagandamiza kwa mawe, na upepo ukilala yatafika Jumatatu yakiwa bado na maji.

Nitasema mapema, ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi: chumba kile kilipata paa. Mbao zilizopigwa chini zilipanda siku moja, watu wakitazama kama wanaona mchezo. Bwana wa elimu alikuja akaugonga ukuta kwa fimbo yake, akainama kupita mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu, akasema vema. Mwalimu wa darasa la tano alikuja kweli, na mimi nilikaa dirisha la pili. Siku ya kwanza mama alinisindikiza mpaka kizingitini, akatazama juu kwenye linta, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika paji la uso la mgonjwa aliyepona. Chumba cha nyuma kilibaki bila paa kwa muda mrefu, tukicheza ndani yake.

Lakini kati ya Jumamosi ile na hayo yote kulikuwa na Jumapili moja, nayo sijawahi kumweleza mtu.

Upepo haukulala. Ulianza asubuhi wakati wa nyimbo za kwanza, ule upepo wa kiangazi unaotoka ziwani ukibeba magadi. Vumbi jeupe lilipita chini ya mlango wa kanisa likatanda sakafuni, na ukilamba midomo unasikia chumvi. Nilikuwa nimekaa benchi la kati, na nyuma ya ukuta wa mabati, hatua chache tu, palikuwa na linta yangu.

Niliisikia. Gunia lenye maji likipigwa na upepo hutoa sauti nzito, pwa, kama nguo inayofuliwa kwenye jiwe. Hivyo ndivyo magunia yalivyosema mwanzoni, pwa, pwa, nikawa napumua. Mzee wa kanisa akaanza kuhubiri. Alihubiri juu ya subira, kwa kweli, na alihubiri vizuri, lakini mimi nilikuwa nasikiliza mahubiri mengine. Pwa ikawa nyepesi. Halafu ikawa pa, kavu, kama kofi. Halafu yakaanza kukwaruza ukutani kama karatasi, na nikajua jiwe moja limeanguka na pembe ya gunia imefunuka, na jua la Nakuru linaitazama simiti ya jana uso kwa uso.

Miguu yangu haikukaa. Niliukanyaga mmoja kwa mwingine. Nilitazama upande wa wanaume nimwone fundi, nikakumbuka kwamba yeye husali kwa watu wake, mtaa mwingine. Nilijaribu kuomba upepo utulie. Upepo ukaongezeka. Nilifikiri juu ya yule mtu wa baiskeli aliyesimamishwa mbele ya watu, na masikio yangu yakapata moto. Kisha nikamtazama mama. Alikuwa ametazama mbele, lakini hakuwa anasikiliza mahubiri. Kidole chake kilikuwa kikigonga paja kila gunia lilipopiga ukuta.

Nikasimama. Kutoka kwenye benchi letu ilikuwa lazima kupita mbele yake, na nilijua ataninong'oneza, unaenda wapi wewe? Hakuninong'oneza. Hakunitazama hata kidogo. Alivuta magoti yake pembeni, yote mawili, akanipa njia.

Nje upepo ulinisukuma mpaka nusura nianguke. Bombani hapakuwa na mtu, mara ya kwanza maishani mwangu kukuta bomba la nyumba za reli bila foleni, na nilisimama hapo kidogo kama mjinga nikisubiri zamu yangu. Nilijaza debe. Niliweka majani juu ya maji yasimwagike, nikalibeba kwa mikono miwili badala ya kichwani, kwa sababu ya kitambaa changu cha Jumapili.

Jukwaa la mafundi lilikuwa bado limesimama. Nilipandisha debe kwanza, nikapanda mwenyewe. Pembe ya linta ilikuwa wazi kweli, kijivu, na nilipoigusa ilikuwa na joto kama ubavu wa mnyama. Nilirudisha gunia. Nikachovya kopo, nikamwaga polepole, kutoka juu ya mlango nikielekea madirishani. Maji yalizama yote, na gunia likanyamaza. Nilimwaga tena. Kanisani walikuwa wameanza wimbo, na sauti ya mama wa kwaya ilipita juu ya nyingine zote, ikanifunika vizuri.

Debe liliisha kabla sijafika dirisha la pili. Nikashuka, nikavua viatu vyangu vya Jumapili visilowe, nikaviweka ndani ya chumba cha mbele mahali pasipo na upepo, nikarudi bombani.